Filimbi Iliyoota Moto na Ngoma

Wenzangu wa kwaya, na ninyi majirani zangu wa Ngokolo, tangu niteremke kwenye treni hamjaniacha nipumue. Huyu ananiuliza bombani, yule ananiuliza mlangoni mwa kanisa, mwingine ananishika mkono sokoni nikiwa nimebeba nyanya: "Mama Kulwa, ilikuwaje huko?" Nikianza kueleza, msikilizaji anaitwa na mtoto. Nikifika mwisho, anakuja mwingine anayetaka mwanzo. Basi nimekaa kitako nimeandika yote mara moja. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome, mimi niendelee kuchambua mboga. Habari za kuomba ruhusa kazini na foleni ya tiketi nimeziruka, maana hizo kila mmoja wenu anazo za kwake.

Kwa wasiomfahamu Sista Nora: ni mtawa kutoka Ayalandi, mwanamke mrefu, mwepesi wa kucheka na mkali wa usafi. Tulifanya kazi pamoja hapa Shinyanga miaka mingi, zamu moja, wodi ya wazazi. Kungoja mtoto azaliwe ni kazi ya kukaa, na katika kukaa huko ndiko alikonifundisha kupiga filimbi ya kwao. Si kipenga cha refa, kama jirani yetu Mama Doto alivyodhani. Ni kipande cha mti mweusi, kirefu karibu kama mkono wa mtu mzima, unakishika kwa mlalo, tundu moja la kupulizia na sita ya vidole. Mti wenyewe ni mpingo. Ulikatwa pande zetu hizi, ukapanda meli, ukachongwa Ulaya, ukapigwa na baba yake Sista Nora mpaka alipofariki, kisha ukarudi Afrika ndani ya sanduku la binti yake.

Sista alipohamishiwa hospitali ya misheni, mbele kidogo ya Buseresere, alikuwa na filimbi mbili. Ile ya pili, ya mti wa rangi ya asali, alikwenda nayo. Ile nyeusi ya baba yake aliniachia mimi, kwa sababu ndiyo niliyojifunzia. "Filimbi isiyopulizwa inakufa, Veronika," aliniambia. "Hii usiiache ife." Nami sikuiacha, mashahidi ni ninyi mnaonung'unika kila jioni.

Mwezi uliopita dereva wa misheni alipita hapa akanipa habari. Sista amepata kiharusi. Mkono wa kulia hauna kazi, pumzi imekuwa fupi, na wenzake wanamrudisha kwao moja kwa moja. Sasa sikilizeni jambo lililonitoa nyumbani. Baba yake alitunga wimbo mmoja wa polepole, wenye sehemu tatu, na sehemu ya tatu aliiongeza siku binti yake alipoaga kuja huku. Hiyo sehemu ya tatu ndiyo iliyomtoka Sista kichwani tangu augue. Ndugu zake hawaijui; aliyemfundisha ni mimi tu. "Anasema uje na filimbi na radio kaseti, umrekodie kabla hajaondoka," dereva akaniambia. "Na anasema uchague filimbi mojawapo ibaki yako." Kwa hiyo wimbo ule ulikuwa umebaki kichwani mwa mtu mmoja tu duniani, na mtu mwenyewe ni mimi, ninayesahau hata nilipoweka ufunguo.

Mwadui, kutafuta radio kaseti

Radio kaseti niliyoijua mimi ilikuwa ya shemeji yangu Bundala, fundi wa mgodini Mwadui. Nilikwenda na filimbi yangu mkononi, maana sikuwa na moyo wa kuiacha. Shemeji hakunizungusha. Alinipa radio yenyewe, akanipa na kanda. "Upande mmoja kuna harusi yangu," akasema, "huo usiuguse. Upande wa pili upo wazi." Kisha akanionyesha betri kwa masikitiko. "Hizi zimechoka, shemeji, na mpya hata huku hazipo. Kila penye jua, zianike. Zitakufikisha." Mke wake alitupikia wali na kuku, nikala mpaka nikaona haya.

Nilipotoka, mlinzi wa getini akasimama mbele yangu. Mnajua wenyewe mahali pale panachimbwa almasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hicho ulichofunga kwenye kanga ni nini?"

"Filimbi."

Aliifungua, akaitazama upande huu kuelekea juani, akaigeuza akaitazama upande ule. "Ina tundu mpaka ndani," akasema.

"Ndimo inamopita sauti, baba."

"Sawa. Lakini hapa kwetu vitu vyenye tundu ndivyo tunavyovitazama zaidi. Kama haina kitu ndani, ipige nisikie."

Hoja yake ilikuwa na akili, sikuweza kuipinga. Nikasimama palepale getini nikapiga wimbo wa kuchezea, ule wa haraka mnaouita wa kukimbiza kuku. Ilikuwa saa ya kubadilishana zamu. Watu waliokuwa wanatoka wakasimama, waliokuwa wanaingia wakasimama. Mabega ya mlinzi yakaanza kutikisika yenyewe. Nilipomaliza akanirudishia kanga kwa mikono miwili.

"Wimbo wa wapi huo?"

"Ayalandi."

"Ni huko Bukoba?"

"Mbele kidogo, baba."

"Haina kitu ndani," akawatangazia wenzake, na wote wakacheka. Namshukuru mzee yule. Nilikuwa nimetoka nyumbani na hofu tupu, yeye akanirudishia furaha ya kupiga.

Treni ya Mwanza

Treni ilitoka Shinyanga vizuri, ikafika Malampaka ikaona ipumzike. Hakuna aliyetuambia tunangoja nini. Watu walishuka, wakanawa uso, wakanunua michembe ya viazi vilivyokaushwa, wakapanda, wakashuka tena. Mimi niliuliza kila aliyevaa kofia, mpaka mmoja akaniambia yeye ni abiria kama mimi, kofia ni ya jua. Moyo ulikuwa unaniwaka. Gari la kumpeleka Sista kiwanja cha ndege Mwanza lilikuwa limeshapangiwa Jumamosi, na kila nikifumba macho nilikuwa naliona likitupita.

Nikazipanga betri dirishani, upande wa jua, nikatoa filimbi niurudie ule wimbo nisije nikausahau. Mama aliyekaa mbele yangu alisikiliza mpaka sehemu ya pili, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Nani amekufa, mwenzangu?"

"Hajafa mtu. Ni wimbo wa mzee mmoja na binti yake."

"Basi binti aliolewa mbali," akasema, na sikuona sababu ya kumsahihisha.

Pembeni yake alikaa Mzee Sefu, mfanyabiashara wa hapa hapa mjini kwetu, yule mwenye duka la chumvi na vitambaa karibu na msikiti. Baba yake alitoka pwani, mama yake Mnyamwezi, na yeye mwenyewe Kisukuma anakisema kuliko watoto wangu. Aliniuliza ninakokwenda, nikamweleza. Akahesabu tasbihi yake.

"Lori langu linaningojea Mwanza," akasema. "Napeleka chumvi mpaka Biharamulo. Buseresere ni njiani. Wewe na filimbi yako mtakaa mbele, utingo atakaa juu ya magunia. Mgonjwa hangojeshwi."

Kama ningekuwa peke yangu ningemkumbatia, lakini behewa zima lilikuwa linatutazama.

Kivukoni Kigongo

Kwenye maji ya Kigongo tulikuta foleni ya malori ya pamba, na pantoni ipo upande wa pili, Busisi, inapakia ng'ombe. Ng'ombe mmoja alikuwa amekataa kupanda. Tulimwona toka huku ng'ambo, mdogo kama punje, amekaza miguu, watu wanamsukuma nyuma na wengine wanamvuta mbele. Foleni nzima ilikuwa na ushauri wa kumpa, ila yeye hakuusikia.

Mzee Sefu aliswali kando ya gurudumu, kisha akanunua sato wa kukaanga na ugali wa muhogo, akamega samaki katikati, kichwa akanipa mimi kwa heshima. Nilimwambia mimi si mtu wa kupewa kichwa. Akasema kila mwenye safari ya kumuaga mgonjwa ni mgeni rasmi. Sikumbuki kama nimewahi kula samaki mtamu kama yule, na sidhani ni kwa sababu ya chumvi.

Geita

Kutoka Sengerema mpaka Geita njia ilikuwa tope, na kutoka Geita kwenda mbele ilikuwa tope lililokwisha kata tamaa. Lori likazama. Wakatokea vijana wachimbaji, wale wa vishimo vya dhahabu, miili yao myekundu kwa udongo tangu nywele mpaka vidole. Walisukuma, wakaimba, wakasukuma tena. Nilipoteremka kupunguza uzito, nimekumbatia filimbi yangu ndani ya kanga, mmoja wao akaja karibu akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, hicho kinanusa?"

"Kinanusa nini?"

"Mali. Tumesikia Wazungu wana fimbo, ukiielekeza chini inalia penye dhahabu."

Nikaifungua nikamwonyesha. Hakuamini. Ikabidi niielekeze chini, nipulize, ilie. Wote wakaitazama ile sehemu ya ardhi kwa makini sana. Tulipoondoka, nilipogeuka nyuma, wawili walikuwa wameshaanza kuchimba. Wakipata kitu pale, nadai fungu langu.

Kwa Masanja

Hatukwenda mbali. Springi ya nyuma ilikatika, lori likainama upande mmoja, na Mzee Sefu akamtuma utingo arudi Geita kwa baiskeli ya kuazima kutafuta nyingine. Mji wa karibu ulikuwa wa Mzee Masanja, Msukuma mwenzetu aliyehamia huko na ng'ombe wake. Mke wake, Mama Minza, alitupokea kama ndugu waliochelewa. Tulilala kwake, tukaamka kwa uji na maziwa ya mgando.

Asubuhi ile, siku ya Alhamisi, kundi la wakulima lilikuwa linalima shamba la Masanja kwa zamu, na yeye ndiye mpiga ngoma wao mkuu. Mimi niliomba ungo, nikazipanga betri zangu juani, uani. Masanja akaja akachuchumaa kuzitazama.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma kama mama yake. "Hizi unazianika za nini?"

"Zimepoa, baba. Jua linazirudishia nguvu."

"Ah. Kama ngoma."

"Kama ngoma," nikajibu bila kufikiri.

Akaniomba nipige filimbi wakulima watakaporudi kula, nikakubali kwa furaha. Niliiacha imelala juu ya kitanda cha kamba barazani, nikafuatana na Mama Minza kisimani kuoga na kuchota maji. Tulizungumza njia nzima, yeye akinipa habari za wakwe zake, mimi nikimpa za wangu, na wote wawili tukaona tumeolewa nyumba moja.

Tuliporudi, uani palikuwa na moto wa mabua. Ngoma zilikuwa zimepangwa kuuzunguka, ngozi zikitazama moto, kama zinavyofanywa kila mahali ili zikaze kabla ya kupigwa. Na katikati ya ngoma mbili kubwa, imeegemezwa vizuri juu ya jiwe ili mwali usiiguse, ilikuwapo filimbi ya baba yake Sista Nora.

"Nimeiotesha kidogo, mayu," Masanja akaniambia kwa fahari. "Niliigusa nikaona imepoa sana."

Kabla hajafunga mdomo filimbi ikalia. Ta! Mlio mdogo tu, kama karanga ikibanjwa. Niliikimbilia nikainyakua, ina joto la chai. Ufa ulikuwa umeanzia ncha ya juu ukakimbia mpaka ukingoni mwa tundu la kupulizia. Nikapuliza. Hewa tupu.

Wenzangu, sitaficha. Nilikaa chini mavumbini nikalia kwa sauti, na katikati ya kilio nilimtolea mzee wa watu maneno ambayo mgeni hamtolei mwenyeji wake. Nilimwambia ameua kitu cha marehemu. Masanja alivua kofia yake akaishika mbele ya tumbo. Wakulima walikuwa wanafika kutoka shambani na majembe begani; aliwaonyesha kwa mkono wasiguse ngoma, nao wakakaa pembeni, kama watu waliofika msibani.

Mama Minza ndiye aliyekuja kukaa na mimi chini. "Lia yaishe, mayu," akasema. "Ukimaliza tuitazame."

Nilipomaliza, Masanja akaniomba filimbi. Aliuliza kwanza kama anaruhusiwa kuishika. Akapitisha ukucha kwenye ufa, akaunusa mti, akanyanyua uso.

"Huu ni mpingo wa kwetu."

"Ndiyo, baba."

"Basi umepasuka kama upinde unavyopasuka. Na upinde tunaufunga."

Akaingia ndani akatoka na kano za ng'ombe, zile nyuzi za mgongoni zilizokaushwa, ambazo anafungia vyembe vya mishale. Alizitafuna polepole mpaka zikawa laini. Mama Minza akayeyusha nta ya nyuki kwenye kigae, wakaiingiza ndani ya ufa, kisha Masanja akaanza kuzungusha kano, mzunguko juu ya mzunguko, akivuta kwa meno, jasho likimtiririka. Alipofika karibu na tundu la kupulizia nikamshika kiwiko bila kujua. Hakuna aliyekwenda kula.

"Kano ikikauka inabana," akasema. "Usiipulize mpaka ikauke kabisa." Kisha akasimama katikati ya uwanja na filimbi mkononi, akanigeukia, akaniuliza kwa unyenyekevu ambao sitausahau: "Kivulini au juani?"

"Kivulini, baba."

Akaenda kuiweka kivulini, akakaa pembeni yake kuilinda dhidi ya mbuzi.

Springi ilifika jioni ile ile na ikafungwa. Mzee Sefu angeweza kuondoka. Biharamulo walikuwa wanaingoja chumvi. Alikuja akaitazama filimbi, akaigusa kano kwa ncha ya kidole. "Bado mbichi," akasema. "Na chumvi haiozi." Akatandika mkeka wake tena. Mimi nilikuwa nawaza Jumamosi, na nikaona mtu huyu naye anaiwaza Jumamosi yangu.

Kesho yake kabla jua halijawa kali kano ilikuwa ngumu kama mfupa. Sista alinifundisha kwamba filimbi ukitaka kuijua uanze na sauti yake ya chini kabisa, funga matundu yote sita upulize taratibu; ikikujibu hapo, kwingine kote itakujibu. Nikafunga matundu. Nikapuliza. Ikajibu.

"Imepona?" Masanja akauliza.

"Imepona, baba, ila ina mafua."

Ndipo akacheka, na wakulima wakacheka, na ngoma zilizokosa kupigwa jana zikapigwa kutuaga. Nilijaribu kumwomba radhi kwa maneno yangu, akanikatisha: "Umesamehewa kabla hujasema, mayu. Mwambie huyo Sista kwamba mimi ndiye niliyekosa, usije ukajisingizia."

Misheni

Tulifika Ijumaa mchana. Mzee Sefu alinishusha getini, akaniombea dua fupi, akaendelea na chumvi yake. Sista Nora alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chumbani kwake, masanduku yamefungwa, upande mmoja wa uso umelegea. Alinyoosha mkono wa kushoto. Tulishikana tu mpaka akaiona kanga.

"Nionyeshe," akasema.

Nikafungua. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye ile kano. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea, nikaeleza ovyo ovyo: betri, ungo, ngoma, moto, Masanja na kofia yake. Nilipomaliza mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kwa nusu ya uso.

"Baba yangu alipasua mbili," akasema polepole, maana ulimi ulikuwa mzito. "Baridi ikizidi, anaisogeza karibu na moto. Anasema imepoa. Mama alikuwa anamfokea kama ulivyomfokea huyo mzee. Mwambie Masanja, yeye na baba wangeelewana."

Kuna mzigo uliniondoka kifuani nikausikia ukianguka.

Betri zangu, pamoja na jua lote zililokula, zilikuwa zinazungusha kanda kama mtu anayekokota mguu. Sista mmoja kijana alitoa betri za tochi ya wodi, akasema wodini watatumia taa ya chemli. Tukafunga madirisha kwa ajili ya kelele za kuku. Nikaweka kanda ya Bundala upande wa pili, nikabonyeza, nikaanza.

Sehemu ya kwanza ikaenda. Sehemu ya pili ikaenda. Nikavuta pumzi ya kuanza ya tatu, nikamtazama Sista anavyoningoja, na kichwani mwangu pakawa peupe. Nikarudia ya pili, nikidhani itanivusha. Haikunivusha. Wimbo nilioupiga getini mwa nyumba yangu miaka yote hii, nilioupiga kwenye treni, ulikuwa umekwenda, kule kule ulikokwenda wa kwake. Nikazima radio.

"Sista, nimeusahau," nikasema. Kesho yake angeondoka, na mtu wa mwisho mwenye wimbo wake alikuwa amekaa mbele yake mtupu.

Sista akagonga ukingo wa kitanda kwa mkono mzima. "Kaa hapa chini. Nipe mgongo."

Nikakaa sakafuni mbele ya magoti yake kama mtu anayesukwa nywele. Mkono wake wa kushoto ukapita juu ya bega langu ukashika filimbi, vidole vyake vitatu vikafunika matundu ya juu. "Wewe puliza," akasema. "Na mkono wako wa kulia ushike matundu ya chini. Mimi kichwa changu hakina kitu. Tuone vidole."

Nikabonyeza radio tena. Tukaanza mwanzo, vibaya, tukigongana, yeye akiwahi na mimi nikichelewa. Kwenye sehemu ya pili tukazoeana. Na ilipofika mwisho wake, sikufikiri, nilipuliza tu, na kidole chake cha kati kikanyanyuka. Kikashuka. Kikanyanyuka na cha pili. Ilikuwa sehemu ya tatu. Vidole vyake vilikuwa navyo, na nilipoisikia ikianza, vya kwangu vikakumbuka kufuata. Nyuma ya shingo yangu nilisikia pumzi yake fupi, na machozi yake yakanidondokea kwenye bega, lakini mkono haukusimama hata mara moja. Tuliimaliza. Tukairudia toka mwanzo, safari hii ikatoka safi, na zote mbili zipo kwenye kanda.

Kisha akaniambia nichague. Filimbi ya rangi ya asali ilikuwa nzima, nyepesi, matundu yake karibu karibu, yanaufaa mkono wangu kuliko ile nyeusi. Niliijaribu sauti ya chini, ikajibu bila mafua. Na adabu ilikuwa inaniambia ya baba irudi kwa watoto wake. "Nachukua hii," nikasema, na moyo ukaniuma waziwazi.

"Muongo," Sista akasema. Akaigusa kano ya Masanja. "Kwetu, Veronika, mvua hainyeshi. Inakaa. Kano hii italegea wiki ya kwanza, na ufa utafunguka. Mahali inapoweza kuishi sasa ni kwenye ukavu wenu. Mti umerudi kwao. Mimi nina kanda."

Jumamosi walimbeba mpaka kwenye gari na filimbi ya asali magotini. Nilisimama kando ya dirisha la gari. Gari lilipoanza kwenda, mkono wake wa kushoto ulikuwa nje, juu ya mlango, vidole vitatu vikinyanyuka na kushuka, na niliisoma mpaka kwenye kona: ilikuwa sehemu ya tatu.

Kurudi

Gari lilipokwisha potea ndipo nilipokumbuka harusi ya Bundala. Shemeji, kama unasoma hapa, kaa chini. Hotuba za wajomba zako na vigelegele vya mama mkwe vipo Ayalandi, na nadhani watu wa kule wanausikiliza upande ule wakitafuta wimbo. Ila nakuahidi, hakuna kanda iliyopokelewa kwa heshima zaidi.

Mzee Sefu alinipitia akirudi na lori tupu. Nilimwomba tusimame kwa Masanja. Walikuwa uani, moto wa mabua umewashwa, ngoma zimeuzunguka. Nikamfikishia salamu zake zote: kwamba Sista hakukasirika, alicheka, kwamba baba yake naye alikuwa anaziotesha moto, akapasua mbili, kwamba yeye na mzee yule wangeelewana. Masanja alisikiliza akiwa amevua kofia.

"Mbili?" akauliza.

"Mbili, baba."

"Mimi nimepasua moja tu," akasema, na uso wote ukamfunguka. "Wabeja, mayu," akanishukuru. "Wabeja sana."

Akaipokea filimbi kutoka kwangu kwa mikono miwili, akauzunguka moto kwa mbali sana, akaenda kuilaza barazani kivulini. Kisha akarudi kwenye ngoma zake, akaigusa moja, akaona imekaza, akaniita nikaichukue filimbi, tupige pamoja.